Mbegu Isiyopoa

Mbegu ilimwagwa siku ya Alhamisi, na aliyetoa amri iliyoimwaga ni Mukarram mwenyewe.

Alikuwa amesikia kwamba mkaguzi wa afya anapita sokoni. Mukarram Qureshi aliuza nihari nyuma ya stesheni ya Rawalpindi, kwenye kibanda kilichofunguliwa na babake, na maishani mwake hakuogopa kitu ila karatasi yenye muhuri. Akamwita mfanyakazi wake, Allah Ditta, akamwambia, "Osha kila kitu. Nataka nijione uso kwenye kila chombo." Allah Ditta alikuwa mtu wa kutii. Aliosha sufuria kubwa, akaosha pawa na sinia, na mwisho akakisugua kile kijungu cha shaba kilichokaa pembeni juu ya majivu ya moto, ambacho siku zote alikuwa akikipita tu.

Humo ndimo mbegu ilimokaa. Nihari ni nyama ya muundi, inapikwa usiku kucha mpaka inaachana na mfupa yenyewe, na kila alfajiri, kabla ya kumuuzia mtu yeyote, Mukarram alichota kidogo akakiweka kwenye kijungu. Jioni kile kidogo kilimiminwa kwenye sufuria mpya. Kwa hiyo sufuria ya leo ilikuwa na chembe ya jana, na ya jana ilikuwa na chembe ya juzi, hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka Delhi, kabla India haijagawanywa. "Mbegu haipoi," marehemu babake alikuwa akisema. "Ikipoa, imekufa. Izike."

Na mkaguzi hakuja.

Mukarram hakumwambia mtu. Alipika kama kawaida, mkono uleule, viungo vilevile, moto uleule. Ijumaa asubuhi wapagazi wa stesheni wakaja na mashati yao mekundu, wakakaa, wakala. Hakuna aliyelalamika. Lakini hakuna aliyegonga mfupa kwenye sinia kutafuta uboho, na mchuzi ulibaki kwenye mabakuli. Mukarram aliyatazama yale mabakuli akayakusanya mwenyewe.

Kisha akaja Muntazir.

Huyu alikuwa kijana wa Skardu, kule milimani, mwaka wa mwisho chuo cha uhandisi, na kazi kwenye bwawa la kwao ikimngoja. Mwembamba kama ufagio, na alikula kama mtu aliyetumwa na kijiji kizima. Alifundisha hesabu watoto wa matajiri, na kila kilichopatikana alikipandia treni. Mwezi huu Peshawar kwa ajili ya kababu, mwezi ujao Lahore kwa ajili ya samaki wa kukaanga, mara Sukkur, mara mji mdogo usio na sifa yoyote, kisa amesikia kuna bibi anayekaanga dengu namna yake. Alilala stesheni, akala barazani, akarudi darasani Jumatatu macho mekundu. Na popote alipokula aliuliza maswali. Sufuria hii kitako chake kina unene gani? Kwa nini mdomo wake mwembamba? Nani alikufundisha kuziba mfuniko kwa unga?

Feni ya kibanda ilipokufa aliifungua kwa kisu cha vitunguu, akaifufua. Redio ya Allah Ditta aliifungua, akaifufua pia. Mukarram hakuwa mtu wa kusifu watu. Shule aliiacha darasa la tano na wasomi wengi aliwaona hawana mikono. Lakini huyu alimkubali. Kijana akila nihari alifumba macho, na Mukarram alipenda kumtazama akila kuliko alivyopenda kuhesabu mauzo.

Ijumaa ile Muntazir alimega mkate wa tanuri, akachovya, akaweka mdomoni, akafumba macho. Akayafumbua.

"Ami," alisema taratibu, "nani amekufa?"

Mukarram alitaka kumfokea. Badala yake akaketi kwenye benchi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi, akamweleza yote.

"Nimekwisha," alimalizia. "Nikipika miaka thelathini tena haitakuwa ile. Wale wapagazi watakuja wiki moja kwa heshima, mbili kwa huruma, halafu watahamia kwa yule mwizi wa kona."

Muntazir alijikuna kidevu.

"Ami, usinipige."

"Sema."

"Hii nihari yako, ile ya zamani, nimeila Multan. Mwezi wa kumi, karibu na lango la soko la nguo. Pilipili ndefu ileile, moshi uleule, kitu kilekile kinachobaki nyuma ya ulimi. Yule mzee akaniuliza natoka wapi. Nikasema Pindi, hapa hapa Rawalpindi. Akaniongezea nyama, akakataa hela."

Mukarram alitazama chini. Kwa miaka ishirini na mbili hakulitamka jina la kaka yake. Baba yao alipofariki waligombea sufuria kubwa, na Mukarram, ambaye ndiye mdogo, aliikalia hasa: aliketi juu ya mfuniko akagoma kuondoka. Akasema mbele ya ukoo wote kwamba mwenye sufuria ndiye mwana. Sarfraz alichota mbegu akaitia kwenye ndoo, akapanda treni, akaenda zake. Kwenye kibao cha kibanda Mukarram akapaka rangi juu ya jina la Sarfraz.

"Huyo mzee ni mjinga," Mukarram alisema.

"Mjinga mwenye mbegu," alijibu Muntazir. "Tunaondoka kesho mchana."

"Tuna-nani? Wewe huna masomo?"

"Nina nafasi, ami. Tena nina chombo."

Chombo chenyewe kilikuwa sanduku lake la mtihani wa mwisho. Alilitengeneza mwenyewe kwa bati la alumini, na katikati ya kuta zake alishindilia sufu ya kondoo kutoka kwao. Lilikuwa la kubebea chanjo za watoto kwenye vijiji ambavyo barabara hufungwa na theluji na umeme ni hadithi.

"Si umesema la kuweka baridi?" Mukarram aliuliza. "Mimi nataka moto."

"Sanduku halijui moto wala baridi, ami. Unaliachia kitu, linakishika. Basi."

Walifika Multan Jumapili alfajiri, Mukarram kachoka, Muntazir kashiba. Njiani kijana alishuka kila stesheni, akarudi na kitu kwenye gazeti: viazi vya kukaanga, mahindi ya kuchoma, maandazi ya sukari guru. Kila mara alimwambia, "Onja, ami, huyu anatumia samli ya nyati." Mukarram alikataa mara tatu, ya nne akala, na akakubali kimoyomoyo kwamba ni samli ya nyati.

Sarfraz alikuwa ndio kwanza anafungua mfuniko. Ndevu zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Alimwona mdogo wake, akaendelea kuchota kana kwamba kaingia paka.

"Salaam aleikum, kaka," Mukarram alisema.

"Waaleikum salaam. Nyama ya kawaida au na uboho?"

"Sikuja kula."

"Hapa ni mahali pa kula. Asiyekula anaziba njia."

Wateja waliacha kutafuna. Muntazir alilikumbatia sanduku lake akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kazi kubwa, maana harufu ilikuwa imeshamfikia.

"Nimekuja kuomba mbegu," alisema Mukarram.

Upawa ulisimama hewani.

"Kumbe! Ya kwako iko wapi?"

"Imeoshwa."

"Nani kaiosha?"

"Mimi."

Sarfraz alicheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Baba alipokufa ulisema nini mbele ya watu? Hebu rudia, hawa hawajakusikia."

Mukarram aliyakaza meno. Alijua angeweza kugeuka, na alijua akigeuka atarudi kwenye nini. "Nilisema mwenye sufuria ndiye mwana."

"Na leo?"

"Leo nina sufuria tupu, kaka. Naomba."

Sarfraz alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. Pengine ni mvuke. Alichukua ndoo kutoka kwenye msumari, ndoo ileile, Mukarram aliijua kwa mpini wake uliopinda, akaijaza mpaka juu.

"Jina langu lirudi kwenye kibao," alisema. "Juu ya lako. Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, wewe mkalia mifuniko." Kisha akamgeukia Muntazir. "Na wewe mlafi, ndiye uliyenichongea? Kaa hapo ule kabla sijabadili mawazo."

Muntazir alikula mabakuli mawili. Ndoo ilifunikwa, ikazibwa kwa unga, ikawekwa ndani ya sanduku, na wakapanda treni ya kurudi.

Ukungu uliwakamata njiani. Ni ule ukungu wa Januari unaoufanya mkono wako uwe wa mtu mwingine. Treni ilijikokota, ikasimama, ikajikokota, na Jumatatu alfajiri ikasimama kabisa kwenye stesheni ndogo kabla ya Jhelum. Ikasemekana haitaondoka mpaka jua lipasue. Nje, barabarani, basi dogo lilikuwa likijaza abiria wa Pindi. Muntazir alishuka mbio. Kupitia dirishani Mukarram alimsikia dereva akipiga kelele: "Tupu nalipakia juu! Lenye mchuzi silibebi, litaimwagikia mizigo ya watu!" Wakabishana kidogo. Muntazir aliitazama saa yake, akalitazama behewa. Basi likaondoka.

Alirudi na bajia kwenye gazeti.

"Ulikuwa unatafuta nini kule?" Mukarram aliuliza.

"Bajia, ami. Huyu anatia mbegu za komamanga. Onja."

Waliingia Pindi baada ya adhuhuri. Mukarram alifungua sanduku kibandani, akang'oa unga, na mvuke ukampiga usoni. Alitia kidole akakitoa haraka. Allah Ditta alianza kulia. Jioni ile ndoo ilimiminwa kwenye sufuria, na Jumanne asubuhi mpagazi mmoja mzee alimeza tonge la kwanza, akagonga mfupa kwenye sinia kwa nguvu mpaka uboho ukaruka.

Lakini Muntazir hakuja kula. Mukarram alingoja mpaka sufuria ikakaribia kitako, akajaza bakuli, akalifunika kwa mkate, akaenda nalo bwenini. Alimkuta kijana uani kachuchumaa, analisugua sanduku kwa sabuni na ndimu.

"Harufu haitoki," Muntazir alisema bila kuinua kichwa. "Samli imeingia kwenye sufu. Watoto watachanjwa wakinuka nihari."

"Mtihani wake lini?"

Kijana aliendelea kusugua. "Ulikuwa jana. Saa nne asubuhi."

Mukarram alisimama na bakuli mkononi. Alilikumbuka lile basi. Alimkumbuka dereva akisema tupu nalipakia.

"Ungeitoa ndoo," alisema. "Ungeniachia mimi ndoo, ukaenda na sanduku lako. Ningeifunika kwa shuka."

"Kwenye baridi ile? Ingepoa, ami. Wewe mwenyewe ulisema ikipoa ni ya kuzikwa."

"Hayo ni maneno ya baba yangu! Ni mchuzi, wewe mpumbavu! Mchuzi!"

"Sio mchuzi," Muntazir alisema, akalichukua bakuli, akafumba macho, akala.

Kesho yake Mukarram alivaa kanzu ya Idi akaenda chuoni. Mkuu wa idara alimpa kiti na chai, akamsikiliza mpaka mwisho, na akamwambia kwa upole kwamba wanafunzi ni wengi na kanuni ni moja. Kikao kingine cha mtihani ni baada ya miezi sita.

Kwa hiyo kukiosha kijungu kimoja kuligharimu hivi. Mukarram alisema naomba mbele ya watu wa Multan. Jina la Sarfraz likarudi kwenye kibao, juu ya lake. Nafasi ya kazi iliyokuwa ikimngoja Muntazir kwenye bwawa la kwao ilipewa mtu mwingine. Sanduku likatiwa sufu mpya, ya zamani ikatupwa. Na kijana akapoteza nusu mwaka wa maisha yake, ambao hakuna sufuria inayoweza kuurudisha, ingawa tangu siku ile sufuria ya Mukarram haijawahi kumwishia kabla hajafika.