Damu Iliyoyeyuka

Maji yalikuwa yamefika koridoni. Mara Mbili aliyaona kabla hajaingiza ufunguo, yakitokea chini ya mlango wa maabara, akasimama pale na mkoba begani kama mtu aliyesahau alichofuata. Ndani, friza ilikuwa kimya. Alipoifungua, harufu ya damu iliyoanza kuoza ilimpiga usoni. Damu ya vichupa vyote ilikuwa imeyeyuka.

Jina la Mara Mbili alipewa nyumbani, siku alipochaguliwa kusomea udaktari wa wagonjwa na udaktari wa utafiti kwa mpigo. Mama yake, fundi cherehani, aliwatambia wateja kwamba wenzake wanazaa daktari mmoja mmoja, yeye kazaa wawili kwa mimba moja. Walioanza naye masomo walishamaliza zamani, wana wagonjwa wao na watoto wao. Yeye bado mwanafunzi, asubuhi wodini, jioni maabara, akitafuta jambo moja tu: kwa nini baadhi ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, hupata kiharusi na wengine hawapati. Kama damu ingeonyesha hatari mapema, mtoto angekingwa. Miaka minne aliwafuata watoto wale wale, akiwatoa damu kila walipokuja kliniki, akiwaahidi mama zao majibu.

Umeme ulikatika Ijumaa. Jenereta lilikuwepo, tena jipya, ila tangi lake lilikuwa kavu. Hakuna aliyeuliza mafuta yamekwenda wapi, maana kila mtu aliyaona yakienda: magari ya mkurugenzi wa hospitali yalijazwa pale pale nyuma ya jengo, mchana kweupe.

Profesa aliyemsimamia alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho huku akikoroga chai. Kisha akauliza ni sampuli ngapi alizokuwa ameshazipima. Robo hivi, akajibu.

"Robo inatosha kuonyesha mwelekeo," Profesa alisema. "Zilizobaki utazikadiria."

"Nizikadirie vipi, Profesa?"

"Mwanangu, wewe si mtoto mdogo. Unajua zingekuja vipi."

Alisema hajui, ndiyo maana alikuwa anatafuta. Akaongeza kwamba ataandika kwenye ripoti yake kilichotokea, jenereta na yote.

Profesa akaacha kukoroga. "Mimi mwakani nastaafu. Anayeidhinisha masomo yako ni mkurugenzi. Ukishaandika hayo, nani atakusimamia?"

Akaandika.

Hakuna aliyemgombeza. Ufadhili wake ulisimamishwa kupisha uchunguzi, na uchunguzi ukamkuta yeye na kosa la kutotunza sampuli, kwa kuwa ufunguo wa maabara ulikuwa mkononi mwake. Aliomba basi amalizie udaktari wa wagonjwa peke yake. Akaambiwa kwa upole kwamba masomo yale ni kitu kimoja, hayagawanyiki. Aliyeshindwa nusu ameshindwa yote. Mada yake akakabidhiwa mwanafunzi mwingine, msikivu, na haukupita muda matokeo yakatoka yamekamilika, hakuna hata mtoto mmoja aliyepungua. Profesa aliagwa kwa sherehe. Hospitali ikaanza kuyatumia matokeo hayo kuamua mtoto gani apewe kinga na yupi asubiri.

Nyumbani hakusema kitu. Mama aliendelea kuwaambia wateja kwamba binti yake kabakiza kidogo.

Siku aliyokwenda kurudisha koti jeupe, alipita kliniki ya watoto akiwa ameinamisha kichwa. Mwanamke mmoja akamwita kutoka kwenye benchi. Alimkumbuka: kila mara alikuwa wa kwanza kufika. Mwanawe mkubwa alikuwa ameegemea ubavuni mwake, mdomo umepinda upande, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Alikuwa ameambiwa mtoto yule ni wa kusubiri, mwanamke alieleza. Wakasubiri, na ikawa hivyo.

Hakuwa amekasirika. Aliuliza tu, kwa adabu, kama ile damu waliyokuwa wakiitoa imeshajibu.

"Bado, mama," Mara Mbili alisema.

Mwanamke akaitikia kwa kichwa. Akamvuta mbele mdogo wa yule mgonjwa, binti aliyekuwa amejificha nyuma ya gauni lake. "Huyu naye wamemkuta na selimundu. Mtoe damu na yeye, labda ya kwake itawahi."

Binti hakungoja kuambiwa. Alipandisha mkono wa gauni hadi begani, akageuzia uso ukutani, akanyoosha mkono.