Dada wa Mzee Absalom

Nilipokuwa na miaka minane nilimpiga mtoto wa jirani kwa sababu aliniambia kwamba bibi yangu aliletwa. Hakusema aliletwa na nani wala kutoka wapi. "Bibi yenu aliletwa," basi, halafu akanitolea ulimi. Nilirudi nyumbani nikilia, na mama yangu, Seline, akanichapa. Hakunichapa kwa kupigana. Alinichapa kwa kulitamka neno lile mbele ya Dani.

Dani ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Jina lake ni Nekoye. Tangu nipate akili nilimwona akiishi ndani ya boma la Mzee Absalom, juu kidogo ya ufuo wa Dunga, kwenye kipande cha ardhi chenye ua wa katani. Hapo alimzaa baba yangu, Ouma. Hapo alimzika. Mimi na mama tulikaa naye hapo, na hakuna aliyetuuliza kwa nini. Mzee Absalom alimwita nyaminwa, yaani dada yangu, na watoto wake walimwita shangazi.

Ukoo wetu una mwiko ambao hufundishwi kwa maneno. Unaujua kama unavyojua kutokanyaga kaburi. Mtu aliyekula kwenye chungu cha nyumba hasemwi alikotoka. Ukimsema, ni kama umemfukuza.

Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 1969, nikapata shule mjini Kisumu, nikawa narudi nyumbani kila Jumamosi. Jumamosi moja tulikuwa tunachambua omena, wale dagaa wa ziwani, mimi na Dani, tukitoa mchanga na vijiwe. Akasema bila kuinua macho:

"Wewe umesoma. Unajua kutunza kitu?"

"Najua, Dani."

"Basi nitakupa kitu. Baba yako alikufa bila kukijua."

Akaniambia. Alikuwa na miaka sita au saba. Kwao kulikuwa upande wa Bungoma, na watu wake walikuwa wamejifungia ndani ya ngome ya udongo Wazungu walipokuja na bunduki na majeshi ya kukodi. Ngome ilipovunjwa, wanawake na watoto waliobaki hai waligawanywa kama mbuzi. Yeye alichukuliwa na mpagazi mmoja, wakatembea siku nyingi mpaka ziwani. Mpagazi alikuwa na njaa. Alimtoa kwa kikapu cha mtama na samaki wawili wakavu.

"Aliyetoa mtama ni baba yake Absalom," Dani alisema. "Nililala nyuma ya mlango wao miezi mingi. Sikusema, maana sikujua neno lao hata moja, na la kwangu hakuna aliyelijua. Halafu Absalom akazaliwa. Mama yake akaugua, wakanifunga yule mtoto mgongoni. Nilimbeba mpaka akatembea. Na alipoanza kusema, hakusema mama. Alisema nyaminwa. Yule mzee akacheka sana. Akasema, basi, mtoto ameamua, huyu ni dada."

Aliokota kijiwe, akakitupa nje.

"Ndivyo nilivyopona," akasema.

Alinieleza mengine pia. Kwamba alipokuwa mwanamke mzima mwanamume mmoja alianza kuleta ng'ombe wa mahari, lakini vita vya Wajerumani vikamchukua kwenda kubeba mizigo na hakurudi. Dani alibaki na mimba. Yule mzee mwenye boma, baba yake Absalom, hakumfukuza. Alimpeleka mahali palipojaa mawe, akamwonyesha kwa fimbo toka hapa mpaka pale, akamwambia alime, hakuna atakayemtoa.

Sikumwambia mtu. Hata mama sikumwambia.

Mwaka 1971 watu wa kupima ardhi walifika kwetu. Kila mwenye shamba alitakiwa kupeleka maelezo yake kwa kamati. Jumapili moja baada ya kanisa, Mzee Absalom alikuja kwetu na kofia mkononi, akaketi, akapewa chai. Nilimpenda yule mzee. Siku ya mahojiano yangu ya chuo ndiye aliyenibeba kwa baiskeli mpaka mjini, akaningoja langoni hadi jioni bila kula.

"Mwalimu wetu," akaniambia, "mwandikie dada yangu maelezo. Hawa makarani wanaandika kama nyayo za kuku."

"Na mwandiko wako, Mzee?" mama akamtania.

"Wangu ni nyayo za bata, mama. Ndiyo maana nimekuja hapa."

Tulicheka wote. Akasema maneno, nami nikayaandika: "Mimi Nekoye ni dada wa Absalom. Tumezaliwa boma moja, tumelelewa boma moja." Kalamu yangu ilisita kwenye neno tumezaliwa. Nikamtazama Dani. Alikuwa ameshika kidevu chake anatabasamu, kama msichana anayejaribishwa nguo mpya. Nikaandika. Alinitaka nimsomee mara tatu. Kisha akatia kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye karatasi, na hakukiosha kile kidole mpaka jioni.

Nilidhani tumempa zawadi.

Kamati ilikaa katika darasa la shule ya msingi. Wazee walibanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Mbele alikaa afisa wa ardhi, Bwana Khaemba, kijana mwenye tai, na kando yake mwenyekiti wa kamati, Mzee Dalmas. Dani alikaa kati yangu na mama, mkono wake kwenye goti langu.

Bwana Khaemba alisoma maelezo yetu kwa sauti. Kisha akauliza, "Mzee Absalom, kipande hiki ni cha nani?"

Mzee Absalom akasimama, kofia kifuani.

"Bwana Afisa, umesoma mwenyewe. Huyu ni dada yangu, simkani hata siku moja. Lakini kwa mila yetu dada hupata ardhi kwa mumewe, si kwa baba yake. Mtoto wa dada ni mpwa, na mpwa ni mgeni wa wajomba zake. Kipande ni cha boma. Andika jina langu. Nina wana watatu hawana pa kujenga."

"Na yeye atakaa wapi?"

"Akiwa hai atakaa palepale. Mimi si mnyama. Akishafariki, mkwe wake arudi kwa watu wake. Huyu mwalimu ataolewa."

Alisema hayo kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya kanisa. Mama aliruka juu.

"Mzee! Ouma amezikwa pale! Wewe ndiye uliyeomba dua!"

"Kaa chini, mke wa mpwa."

Hakuwahi kumwita hivyo. Mama alikaa kama aliyesukumwa. Mimi nilikuwa naitazama ile karatasi mezani, ule mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Mzee Absalom aliponitajia maneno ya kuandika alijua atakachofanya. Alipokunywa chai yetu alijua.

Bwana Khaemba alikuwa bado ameishika. "Mama, jina lako ni Nekoye?"

"Ni Nekoye," Dani akajibu.

"Hilo ni jina la kwetu, Bungoma. Dada yangu mimi ni Nekoye. Kweli ulizaliwa hapa?"

Wazee sita wa kamati walikuwa na umri wa kujua, na wote sita walitazama mabati. Mzee Dalmas alivua miwani, akaanza kuifuta kwa koti.

"Alipewa jina la mgeni," Mzee Absalom akasema. "Mwanamke aliyemsaidia mama yetu kujifungua."

Afisa akamngoja Dani.

"Ndiyo," Dani akasema polepole. "La mgeni."

"Basi siwezi kusaidia." Bwana Khaemba akachukua kalamu. "Angekuwa mtu aliyeletwa, hana kwao kwingine, akaonyeshwa ardhi na mwenye boma na kuilima miaka hamsini, huyo ningemwandika leo hii. Lakini dada ni mambo ya mila yenu."

Ndipo nilipoelewa yote. Ule mwiko uliomfunika Dani maisha yake yote, sasa ulikuwa unamfunika Mzee Absalom. Alijua hakuna mtu mle ndani atakayefungua kinywa. Alijua Dani mwenyewe hatafungua.

Mama akanibana paja. "Sema kitu, wewe ndiye umesoma."

Mimi ni mtu ambaye mkaguzi akiingia darasani sauti yangu inapotea. Sikuwahi kusema neno mbele ya baraza la wazee. Lakini nikaiona ile kalamu inashuka kwenye karatasi, nikasimama.

"Aliletwa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Alinunuliwa. Kwa kikapu cha mtama na samaki wawili. Aliyemnunua ni baba yake Mzee Absalom, na ndiye aliyemwonyesha ile ardhi."

Niliposimama, mkono wa Dani ulianguka kutoka gotini kwangu. Aliukusanya na mwenzake, akaificha yote miwili ndani ya leso.

"Huyu mtoto ametukana boma langu," Mzee Absalom akasema.

"Ni kweli au si kweli, Mzee?" afisa akauliza.

"Mwiko wetu hauniruhusu kusema mtu alikotoka."

"Lakini unakuruhusu kumtoa?"

Mtu akacheka nyuma, akanyamaza upesi. Mzee Dalmas akavaa miwani yake.

"Mwiko umeshavunjwa na mtoto," akasema. "Chungu hakivunjiki mara mbili. Mimi nilikuwa mdogo, nachunga ng'ombe. Nilimwona yule mzee akimwonyesha mpaka kwa fimbo. Na wewe, Absalom, ndiye uliyembebea baba yako kigoda siku hiyo."

Wazee wengine wakaitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine. Bwana Khaemba akaandika jina la Dani. Hakumuuliza mtu linaandikwaje.

Nje, mama alifungua kinywa kupiga vigelegele, akauona uso wa Dani, akakifunga. Watu walimpisha Dani njiani kwa heshima nyingi mno. Mwanamke mmoja ambaye tangu utoto wake alimwita shangazi alimwambia, "Pole, mama." Dani akatembea mbele yetu mpaka nyumbani. Alipofika mlangoni akageuka.

"Nilikupa kitu ukitunze."

"Dani, wangekutoa."

"Wangenitoa nimeshakufa. Nikiwa hai nilikuwa dada."

"Yeye ndiye aliyekugeuka! Alijua tangu siku ile aliponiandikisha karatasi."

"Nimemwona," akasema. "Sina upofu. Aliniita dada huku ananinyang'anya. Lakini alikuwa na nafasi ya kusema nilinunuliwa, na hakusema."

Nilitaka kumwambia kwamba alinyamaza kwa sababu kunyamaza kulimfaa. Nililimeza neno hilo. Tangu hapo nimelimeza mara nyingi.

Wapimaji walikuja wakapanda mawe meupe ya mpaka, boma likawa mawili. Watoto wa Mzee Absalom walianza kumsalimu Dani kutoka mbali. Kanisani alihama benchi la mbele, la wanawake wa boma, akakaa karibu na mlango na watu wa kutoka mtaa wa Obunga wanaokuja mara mojamoja. Nami nikija Jumamosi alinifutia kiti kwa leso yake. "Karibu, Mwalimu," alisema. Alinipa chai kwenye kikombe cha wageni, akaniuliza habari za mjini, na nikisogeza ungo ili tuchambue omena alisema nisijisumbue, nimechoka na safari.

"Mvumilie," mama aliniambia. "Shamba tunalo. Utakula udada?"

Mwezi wa Machi Mzee Absalom aliugua. Upande mmoja wa mwili ulilegea, akawa hatoki kitandani. Nilipofika Jumamosi hiyo nilimkuta Dani anakoroga uji wa wimbi, akautia kwenye kibuyu kidogo.

"Wa nani huo?" mama akauliza.

"Wa Absalom. Akiumwa hali chakula cha watu wengine. Yuko hivyo tangu utoto."

"Mtu aliyetaka kututupa nje! Ana mke, ana wakwe, ana wana watatu. Wampikie wao."

"Hawajui anavyoupenda."

Nikashika kibuyu. "Nikubebee, Dani."

Hakukiachia. Tulikishika wote wawili, uji unatuchoma vidole.

"Wewe kaa, Mwalimu."

"Yeye unamsamehe," nikasema, na machozi yakanitoka kabla sijayazuia. "Mimi je?"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kamati, alinitazama kama mtu wa kwake.

"Yeye nilimbeba akiwa hajui kitu," akasema. "Wewe nilikupa nikijua unajua."

Akatoka. Nilimfuata hadi kwenye jiwe jeupe, nikasimama hapo. Alivuka ule uwanja polepole, ameinamia kibuyu, akafika kwenye mlango wa Mzee Absalom akabisha.

"Nani?" sauti ya mzee ikauliza kutoka ndani. Ilikuwa nzito, imepinda.

Nilimwona Dani amesimama tu, kichwa ameinamisha kidogo kuelekea mlango, kama mtu anayesubiri mwenzake akumbuke.

"Ni nani hapo?"

"Ni mimi. Nekoye."

Nilisikia mashua ikivutwa mchangani kule chini, na watu wakihesabu pamoja ili wavute.

"Karibu, mama," Mzee Absalom akasema. Vile mtu anavyomkaribisha mpita njia yeyote.

Dani alibaki pale na kibuyu chake. Nilidhani atageuka, na nikajikuta nimenyoosha mkono kumpokea. Hakugeuka. Alikisogeza kibuyu kwenye mkono wa kushoto, akausukuma mlango kwa wa kulia, akainama, akaingia.