Mstari Mmoja kwenye Lami ya Wifi

Sikufichi, nilimwonea wivu, tena wivu wa kukosa usingizi. Miaka kumi na tisa naendesha lile gari la majaribio, tani sitini juu ya magurudumu sita, tujue lami ipi itabeba ndege kubwa. Mara kaka yangu akaoa injinia, na injinia akaletwa kituoni kwangu. Wiki tatu tu, mkuu wa kituo anamwita "mtaalamu wetu". Mimi ni "dereva" tu, mpaka naota mvi!

Tukamwaga vipande viwili vya lami nyuma ya karakana: kimoja cha mchanganyiko niliokuwa nikiupigania mimi miaka yote, kingine cha wifi. Kitakachovumilia ndicho kitakachotandazwa uwanja mpya wa ndege, na mwenye nacho atakuwa msimamizi wa majaribio. Cheo hicho nilikuwa nakisubiri mimi.

Sasa, ndege hazitui zote mstari mmoja. Kwa hiyo kila mzunguko dereva husogea shubiri moja, mara kushoto, mara kulia. Kwenye kipande changu nilisogea kwa adabu zote. Kwenye cha wifi nilipita palepale, palepale, mizunguko elfu mbili.

"Leo utanitambua," nikaiambia ile lami.

Siku ya kupima, wifi akapiga magoti na rula yake ya chuma. Changu kilikuwa na nyufa kila upande. Chake kilikuwa na mfereji mmoja mwembamba, kina cha ukucha, na ufa hakuna hata wa dawa. Akautazama ule mfereji, kisha akanitazama mimi. Lo, nikajua ameshajua.

"Mbona pamechimbika mstari mmoja?" mkuu akauliza.

"Nilimwomba wifi yangu huyu apite hapohapo," akajibu bila kupepesa macho. "Nilitaka kuona mwisho wake."

"Basi hongera, msimamizi!"

Wifi akanishika mkono taratibu, kama anamvusha mgonjwa barabara. Hapo ndipo roho iliponiuma kweli. Kunishinda lami, sawa, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini anishinde na wema pia, mbele za watu? Thubutu!

"Mwongo!" nikafoka. "Hakuniomba. Nilifanya makusudi, nimharibie."

Mkuu akaninyooshea mkono, akitaka funguo za gari. Nikampa.

Aliyeangua kilio ni wifi. Hata kulia kanitangulia.