Baba Haingii kwa Mwanawe

Haya, nikutegee: namlisha mchana, namlisha usiku, hashibi wala hasinzii. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Kisumu; nimeenda, nimekula samaki, nimerudi. Zamani tulijibu, moto. Kwa Nyamongo, yule muuza viatu wa mjini Kisii, jibu lilikuwa simu.

Nyumba yake kule mtaa wa Nyanchwa ilijaa hata pa kuweka mguu hapakuwa. Televisheni ukuta mzima, makochi bado na nailoni zake, na kila mara boda boda analeta katoni nyingine aliyoiagiza simuni, juu ya zile ambazo hazijafunguliwa.

Alasiri moja baba yake, mzee Onyiego, alitoka kijijini Birongo akaja akasimama nje. Kwetu Kisii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni mwiko wa heshima, uwe mjini au kijijini. Mwana ndiye hutoka. Mokeira, mke wa Nyamongo, alimpelekea mzee kiti na chai, akarudi kumwambia mumewe anaitwa.

"Nakuja, tata," Nyamongo akamwitikia baba yake dirishani, macho kwenye simu. Humo kulikuwa na mtu anayecheza densi na mbuzi. Akaja mwingine, na mwingine tena. Mzee akaita, akaitikiwa vilevile. Nyamongo alipotoka, chai ilikuwa imepoa na kiti ni kitupu. Alimuuliza mkewe mzee alitaka nini. Mokeira hakujua.

Neno hilo asilolisikia likamsumbua kama mwiba. Alipopiga simu nyumbani, mzee alisema tu kwamba mvua imenyesha vizuri. Basi Nyamongo akaagiza spika nyingine.

Halafu mama yake, Mong'ina, akapiga. Mzee ameanguka mtaroni akienda kuchuma majani ya chai. Macho yake yamezima kabisa, haoni.

Nyamongo akafika Birongo na koti jipya, redio na blanketi. Mzee alilipapasa koti, akakisifu kitambaa chake, akaliweka kando. Alicheka, akisema leo ng'ombe ndiye aliyemtambua mgeni kabla yake. Akauliza kama wajukuu wanakula.

"Tata," Nyamongo akasema, amemshika mkono, "siku ile ulikuja na neno gani?"

Mzee akauliza habari za Mokeira. Akauliza habari za duka. Kisha mkono wake ukapanda polepole hadi shavuni kwa mwanawe, ukakuta machozi.

"Sikuwa na neno. Daktari alisema macho hayatafika Krismasi. Nilitaka utoke nje, uje kwenye mwanga, nikuone."