Ukuta Uliotoka Jasho

Kirsten alipoingia chumba cha mtoto asubuhi ile, alidhani macho yanamdanganya. Ukuta ulikuwa unatoka jasho. Matone ya kahawia, mazito kama asali, yalikuwa yakiteremka kutoka chini ya dari juu ya ile rangi ya kijani hafifu aliyohangaika wiki nzima kuichagua. Aligusa tone moja kwa kidole. Lilinata. Alipolinusa tu, akakimbilia bafuni kutapika, mimba yake kubwa ikimlemea.

Alijua ni nini. Baba mkwe wake, Orville, alikuwa amevuta sigara ndani ya nyumba hii ya mji wa Moose Jaw, Kanada, tangu ujana wake, na huko madirisha hufungwa nusu ya mwaka kwa baridi. Kirsten alikuwa amesema mapema: kuta zioshwe, zipigwe praima, rangi ya msingi ya kuzuia madoa, ndipo rangi ifuate. Orville akanuna kana kwamba ametukanwa mbele za watu. Nyumba yake si chafu. Marehemu mkewe, Maureen, alikuwa akiisugua kila Jumamosi. Trent, mume wa Kirsten, hakutaka kumuudhi baba yake. Alishika rola, akapaka rangi yenye mng'ao kidogo juu ya uchafu uleule, akarudi zake mgodini. Mwanamume mzima na ndevu zake.

Jana Kirsten alikuwa amewasha mashine ya mvuke kuijaribu, hewa isije ikamkausha mtoto pua. Mvuke ndio uliotoa uchafu wote wa moshi nje.

"Baba, hebu njoo uone."

Orville alikuja na kikombe chake cha kahawa, harufu ya sigara ikimtangulia.

"Paa linavuja," alisema.

"Nje kumeganda, baba. Kitavuja nini?"

"Basi rangi yenyewe mbovu. Siku hizi wanajaza maji tu kwenye makopo."

"Rangi haina kosa. Hizi ni sigara zako."

"Mimi navutia nje tangu ushike mimba."

"Na zile za kabla ya hapo?"

"Wewe una mimba, kila kitu kinakunukia. Mama yake Trent hakulalamika hata siku moja."

Kirsten alimtazama vidole vyake vya njano vilivyozunguka kikombe. Vidole hivyo ndivyo vingembeba mtoto wake. Alijisikia kinyaa hata kwa nafsi yake, kwa kukubali kuhamia hapa.

"Nisikilize," alisema. "Ukuta huu usipooshwa, mimi naenda kujifungulia kwa mama yangu, mjini Regina, na mtoto atabaki hukohuko. Trent atajua mwenyewe pa kulala."

Akaleta ndoo ya maji ya moto na sabuni, akamtupia sponji. "Futa pale nyuma ya mlango, ambapo Trent hajapaka. Kama si chafu, nitakuomba radhi."

Orville aliguna, akaweka kikombe chini. "Utaona. Ukuta huu ni wa krimu, ndivyo Maureen alivyotaka."

Akapitisha sponji mara moja. Nyuma yake ukabaki mstari mweupe pe. Akapitisha tena, mstari ukapanuka, na maji ya kahawia yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Alisimama akiuangalia ule weupe.

"Mweupe," alisema taratibu. "Aliutaka mweupe. Mimi mwenyewe nilimpakia."

"Mapafu yalipomshinda, tulimlaza humu. Daktari akauliza kama anavuta. Nikamwambia hajawahi kugusa hata moja." Alikamua sponji, akatazama ndoo. "Nilikuwa nakaa naye usiku kucha. Pale, kwenye kiti."

"Ukivuta?"

"Nikivuta."

Kirsten alibeba ndoo, akamwaga yale maji chooni huku amezuia pumzi, akajaza mengine safi. Aliporudi alimkuta mzee amepanda kiti, anasugua juu karibu na dari, mabega yakimtetemeka.

"Lete hapa," alisema bila kugeuka.

Akamwekea ndoo karibu na kiti, akarudi kusimama mlangoni, mkono puani.