Ubani wa Nusu Bei

Nesi mmoja aliyehamishiwa Garissa kutoka Lamu alinusa ubani wangu sokoni, akasema, “Mama Batula, wa dalali pale langoni ni nusu ya bei hii.”

“Basi kanunue,” nikamjibu.

Hakuondoka. Aliuliza wangu una nini cha zaidi.

Nikamweleza kwamba ubani ni utomvu wa mti. Dalali huwalipa wachumaji wake wa Wajir bei ya kutupa, nao hulazimika kuchanja gome kila mara ili watoto wao wapate kula. Kikundi chetu huwalipa wachumaji vizuri, kwa hiyo miti yao hupumzika.

“Kwani ubani wa dalali ni mbaya?”

“Ni mzuri tu. Ila wahi. Miti yake imeanza kukauka, na mwakani hutaupata kwa bei yoyote.”