Duara Jeupe

Safari hii sikumkata mtu kichwa. Arwa alikuwa amesimama wima katikati ya kioo cha simu, ushungi wake umejaa upepo, majengo ya Jeddah yamejipanga nyuma yake kama vyombo kabatini. Na nyuma ya bega lake la kushoto, na sinia la glasi mkononi, barakoa imemshuka kidevuni, alikuwa Eddah.

Nilivua miwani, nikaifuta kwa ncha ya buibui, nikaivaa tena. Eddah bado alikuwa pale pale.

"Nionyeshe, Bibi," mjukuu wangu alisema, mkono keshaunyoosha.

"Bado."

"Umenikata kichwa tena?"

"Kichwa kipo. Ngoja nipige nyingine."

Nikabonyeza lile duara jeupe mara tatu, nne, bila kutazama ninachopiga. Ilikuwa Ijumaa, baada ya Alasiri, katika boti ya kutembeza watu kando ya mji. Arwa alikuwa amenichukua ili nipaone kutoka majini pale ilipokuwa nyumba yetu ya mtaa wa Ruwais kabla haijabomolewa. Nahodha alikuwa akitaja majengo kwenye kipaza sauti, moja baada ya jingine. Zilibaki dakika ishirini turudi gatini.

Simu yangu haina bando. Huokota intaneti ya watu. Na Arwa mwenyewe ndiye aliyeitengeneza hivi, kwamba kila ninachokipiga, intaneti ikishika tu, kinaingia katika albamu ya ukoo. Mkahawa wa pale gatini una intaneti ya bure. Tukifika tu, picha ya Eddah ingekuwa imeshafika Riyadh, mkononi mwa binti yangu Badriya, mama yake Arwa, kabla mimi sijashuka ngazi.

Na Badriya alikuwa akimtafuta Eddah kwa miezi minane.

Majira ya baridi yaliyotangulia nilikaa Riyadh kwa Badriya, mguu wangu umefungwa plasta. Aliyeniogesha ni Eddah. Alitoka Kenya, upande wa Busia, na Kiswahili chake kilikuwa na miguu mingine kabisa. Aliniita Nyanya, nami nikamwita mwanangu. Mchana, watu wakienda kazini, alinikalisha jikoni akanifundisha simu. Mimi niliondoka Unguja na wazazi wangu mwaka wa sitini na nne, nikiwa darasa la tatu, na shule yangu ikaishia hapo. Maandishi madogo madogo yananishinda. "Achana na maandishi, Nyanya," alisema. "Wewe tafuta duara jeupe."

Picha ya kwanza niliyopiga maishani mwangu ni yake: anamenya viazi, anacheka meno yote nje. Naye akitaka kunipiga mimi, kwanza alinigeuza uso kwa vidole viwili. "Tazama dirishani. Huu upande wa kulia ndio wako." Hakuwahi kunipiga uso kwa uso. Badriya alizipenda picha hizo, moja akaitia fremu, akaitundika sebuleni.

Mwezi wa Shaabani mama yake Eddah akafariki. Aliomba kwenda kuzika. Badriya akasema mkataba una miezi saba bado, na Ramadhani hiyo mlangoni, nani atapika? Pasipoti ya Eddah ilikuwa kwenye droo ya chumbani kwa Badriya. Mimi nilikuwepo mezani. Nilisema, "Badriya, huyu amefiwa," naye akanijibu, "Mama, mambo ya ikama na vibali huyajui," nami nikarudi kwenye uji wangu. Uji wenyewe kaupika Eddah.

Siku ya nne akatoroka. Badriya akaripoti, kisha akanijia taratibu: "Mama, una picha yake inayoonyesha uso vizuri?" Nikampa ile ya viazi. Nilijiambia ni kama kumtafuta mtoto aliyepotea. Siku ya pili nikaiona kwenye kundi la ukoo, na makundi mengine sijui mangapi, ina maneno mekundu chini yake. Arwa akanisomea: akionekana, pigeni simu namba hii.

Sasa nilikuwa nimempiga tena.

"Arwa, nina kichefuchefu. Niletee maji baridi na ndimu."

"Bibi, boti haichezi hata kidogo!"

"Tumbo langu linacheza."

"Haya, malkia," alisema, akashuka ngazi za chini.

Eddah alikuwa mbele yangu kabla viatu vya Arwa havijanyamaza. Kumbe alishaniona tangu tulipopanda. Aliweka glasi ya juisi mezani.

"Nyanya. Umenipiga?"

"Nimekupiga. Sikukuona, mwanangu."

"Jumatatu nasafiri." Macho yake yalikuwa kwenye ngazi. "Ubalozi wamenipea karatasi, kila kitu iko tayari. Nikishikwa saa hii naenda kukaa ndani, na sijui nitatoka lini. Mtoto wangu anakaa kwa jirani, Nyanya."

Nilimsukumia simu. "Basi ifute. Kufuta hukunifundisha."

"Sikudhani siku moja utataka kufuta kitu."

Aliishika chini ya sinia. Bwana mmoja akapita na mtoto begani akiuliza juisi ya embe. Eddah akamjibu kwa Kiarabu asubiri kidogo, sauti imetulia, kidole kinakimbia. Lazima ifutwe mara mbili, alininong'oneza, simu ina mahali inapoweka vilivyotupwa. Chini, Arwa alikuwa akimshukuru mtu. Nikaona kwamba nikinyamaza hapa, basi nimenyamaza mpaka kaburini.

"Ile ya viazi," nikasema. "Ni mimi niliyempa Badriya."

"Najua." Hakuinua macho. "Hakuna mwingine aliwahi kunipiga picha kwa hiyo nyumba."

Nilingoja aseme zaidi. Vidole viwili, vya baridi kwa kushika glasi, vikagusa shavu langu, vikanigeuza kuelekea ufukweni, na hapo hapo nikaiona: baina ya majengo mawili marefu, sehemu tupu, ardhi imesawazishwa kama kitanda kilichotandikwa. Ruwais yetu. Nikasikia simu ikibofya.

Nilipogeuka, simu ilikuwa mapajani mwangu na barakoa ilikuwa imepanda puani. Arwa alimpisha ngazini bila kumtazama. Wanaobeba sinia hawatazamwi.

Gatini simu ililia, ikalia tena, picha zikaruka zote. Hatujafika kwenye gari, Badriya akapiga.

"Mama, masha Allah, picha nzuri. Hii uliyogeuka upande, kapiga Arwa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini Arwa alikuwa kando yangu, anasikia.

"Mhudumu wa boti."

Nilisikia kiyoyozi cha sebule yake kikinguruma, nikajua amesimama wapi na anatazama ukuta gani.

"Boti gani, Mama?"

"Boti nyeupe."

"Zote nyeupe, Mama."

"Basi, moja katika hizo."

Arwa alikuwa akinitazama sasa, funguo za gari mkononi, kinywa wazi kidogo. Kisha akakifunga.

"Haya," Badriya alisema mwishoni. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama alipokuwa mdogo. "Kunywa maji, Mama. Jua kali."

Jumamosi sikula. Jumapili nilimwuliza Arwa mara tatu kama kuna mtu kaandika kitu kwenye kundi, mara ya tatu akanijibu kabla sijamaliza, "Mama yuko kimya, Bibi." Jumatatu nilikaa na simu mapajani tangu alfajiri, na Jumatatu ikapita.

Alhamisi ikaja picha kutoka namba ya Kenya. Haikuwa na neno hata moja. Aliyeituma anajua maandishi yananishinda. Msichana mdogo kando ya dirisha, anatazama nje, shavu la kulia limepata mwanga.

Nikamwita Arwa anifundishe kufuta. Akadhani ni hiyo. Nikamwonyesha ile ya viazi.

"Hii? Hii nzuri, Bibi. Ametoka vizuri."

"Imezunguka sana," nikamwambia. "Ipumzike."

Nikaifuta mwenyewe, mara mbili.